Linda tundu la ndoana kabla rangi haijakauka

Ukijitengenezea ndoana zenye kichwa cha risasi, zile ambazo wavuvi wengine huziita jigi, hatua inayoonekana rahisi kuliko zote ndiyo inayoharibu nyingi: kupaka rangi. Rangi huingia kwenye tundu la ndoana na kukauka humo. Siku ya kwenda ziwani, mshipi haupiti.

Makala hii inawahusu hasa wakimbizi na wenyeji wa Kyangwali, wilaya ya Kikuube nchini Uganda, walio karibu na Ziwa Albert. Wengi waliotoka Ituri mwaka 2018 walivuka ziwa hilo kwa mitumbwi na kushukia Sebagoro, na baadhi yao walikuwa wavuvi tangu kwao. Ila ushauri huu unamfaa yeyote anayevua kwa mshipi wa mkono, popote alipo.

Kwa nini tundu ni muhimu

Sangara, ambaye Wakongo wengi humwita kapitene, hula samaki wadogo. Rangi nyeupe, nyekundu au ya fedha huifanya jigi ifanane na samaki mdogo anayekimbia. Lakini uzito wote wa sangara anayepigana huishia mahali pamoja: pale mshipi unapofungwa kwenye tundu. Kipande cha rangi kavu kikibaki hapo, fundo halikazi vizuri na nailoni husagika kila unapovuta. Mshipi ukikatika, umepoteza samaki, ndoana na sehemu ya mshipi kwa mara moja.

Kabla ya kupaka

Chagua njia moja kati ya hizi, kulingana na ulichonacho:

- Chonga njiti ya kiberiti au kijiti cha meno, ukichomeke kwenye tundu hadi kikaze. Kitoe rangi inapoanza kushika, kabla haijakauka kabisa.
- Paka mafuta ya mgando kidogo sana ndani na kuzunguka tundu. Rangi haishiki vizuri kwenye chuma chenye mafuta, kwa hiyo baadaye utaifuta kwa kitambaa. Usiyaache mafuta yaguse kichwa cha risasi, maana hapo rangi itabanduka.
- Kama una jigi nyingi, pitisha waya mwembamba kwenye matundu yote kwa pamoja. Zungusha kila jigi kidogo rangi ikiwa bado mbichi, ili waya usigande.

Wakati wa kupaka

Usichovye jigi nzima kwenye kopo. Tumia brashi ndogo, uanzie upande ulio mbali na tundu. Rangi ya kucha inafaa kwa sababu ina brashi yake na hukauka haraka. Paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito, na ya kwanza ikauke kabla ya kupaka ya pili.

Kisha itundike jigi kwa ile sehemu ya ndoana iliyopinda, kichwa kikiangalia chini. Rangi inayotiririka hukusanyika sehemu ya chini kabisa, na kwenye jigi nyingi tundu liko karibu na hapo. Rudi baada ya dakika chache uangalie. Ukiona tone limefunika tundu, pitisha sindano au waya mara moja. Rangi mbichi hutoka bila shida.

Kama imeshakauka

Hapa ndipo hatari inapoanza. Wapo wanaochoma tundu kwa moto wa kiberiti au wa jiko ili rangi iungue. Usifanye hivyo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 hivi, na moto wa kawaida unafika hapo. Kichwa kinaweza kulainika, chuma cha ndoana kikapoteza ugumu wake, nawe ukavuta moshi wa rangi na wa risasi. Usikwangue kichwa kwa kisu au msasa pia, kwa sababu vumbi linalotoka lina risasi.

Badala yake, lowesha kitambaa kidogo kwa thina, ukifunge kwenye tundu tu kwa dakika chache, kisha sukuma rangi iliyolainika kwa waya. Fanya hivyo nje, mbali na moto na watoto. Usitumie ncha ya ndoana nyingine: huteleza na kuingia kidoleni.

Mwisho, jaribu. Pitisha kipande cha nailoni kwenye tundu na kukisugua mbele na nyuma mara kumi. Kikitoka na mikwaruzo, bado kuna kitu kinachokata. Angalia pia pale chuma kilipopindwa kutengeneza tundu. Kama pana mwanya, fundo lisikae hapo.

Risasi na watoto wako

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na mara nyingi dalili hazionekani mapema. Kwa hiyo:

- Usiyeyushe betri za gari wala risasi nyingine nyumbani, jikoni au karibu na watu.
- Sufuria au kijiko kilichoguswa na risasi kisirudi kwenye chakula.
- Usikaze chubwi la risasi kwa meno. Tumia koleo.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto.
- Futa meza kwa kitambaa chenye maji. Kufagia pakavu hurusha vumbi.
- Weka jigi na chubwi mahali ambapo mtoto hafiki. Mtoto akimeza kipande, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na ueleze alichomeza.

Unaweza pia kuacha risasi kabisa. Nati ya chuma iliyofungwa juu ya ndoana huzamisha mshipi vizuri. Ni kubwa kidogo, lakini haina sumu hiyo, na ikipotea ziwani haiachi risasi majini.

Kabla ya kushuka ziwani

Uvuvi nchini Uganda unahitaji kibali, na mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia sheria za uvuvi kwenye maziwa. Sheria hizo zinawahusu wakimbizi na wenyeji sawasawa. Muulize ofisa uvuvi wa wilaya ni kibali gani unachohitaji na ni zana zipi zinazoruhusiwa, kabla ya kutumia pesa kununua ndoana.