Baiskeli Yatufundisha Siri ya Umeme

Ninyi mpandao baiskeli usiku katika njia za Kampene mmekwisha kuona jambo hili: penye mlima gurudumu hulegea, na taa ya dinamo hufifia. Mkikaza miguu, nuru hurudi.

Mtambo wa umeme nao huongozwa vivyo hivyo. Tutazame Ruzizi II, katika mto utokao ziwa Kivu. Tangu mwaka 1989 mtambo huu unazigawia umeme nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Umeme haungoji ndani ya waya. Uzalishwao sasa hutumika sasa, nao sharti upige mapigo 50 kila sekunde. Jioni, taa na majiko vikiwashwa kwa wingi, mzigo huongezeka na magurudumu yazungushwayo na maji hupunguza mbio. Chombo cha kulinda mwendo huhisi mara moja, hufungua zaidi mlango wa maji, na mwendo husawazika. Mzigo ukipungua, huufunga kidogo.

Lakini mlango ukiwa wazi kabisa, msaada umekwisha. Hapo mafundi hukata umeme mtaa mmoja, mitambo yote isije ikazimika na kuliacha gizani hata chumba cha upasuaji. Basi tusidharau taa iwakayo bure: huenda inamnyima jirani.