Mtandao wa Wagavi Japani: Ulivyoanza na Unavyofanya Kazi

Gari moja lina vipuri vipatavyo 30,000. Mtengenezaji anaweza kuviunda mwenyewe, au kuvinunua kwa mgavi, yaani kiwanda kingine, atakayetaja bei ya chini. Watengenezaji wa Japani walizoea njia ya tatu: kununua kwa wagavi walewale miaka nenda miaka rudi, huku wakiwakagua na kuwafundisha. Njia hiyo ilitoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni vita. Toyota iliundwa mwaka 1937, mwaka ambao Japani iliingia vitani na China. Malighafi ziliadimika, na serikali ikahimiza viwanda vidogo vifungamane na vikubwa ili silaha na malori yapatikane. Mwaka 1943 wagavi wa Toyota waliunda chama chao, Kyohokai.

Chanzo cha pili ni ukata. Mwaka 1949 serikali ilibana matumizi na mikopo ikakauka. Toyota ikatenga idara yake ya vifaa vya umeme, ikawa kampuni ya Nippondenso. Mwaka 1950 wafanyakazi waligoma kupinga kupunguzwa, na rais wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Vita vya Korea vilipoanza Juni mwaka huohuo, Wamarekani waliagiza malori. Kampuni iliyotoka kupunguza watu haikutaka kuajiri upya kwa wingi. Kazi ikapelekwa kwa wagavi, ambako mishahara ilikuwa midogo.

Chanzo cha tatu ni sheria. Wakubwa walipokosa fedha, waliwacheleweshea wadogo malipo. Sheria ya mwaka 1956 ililenga kuzuia ucheleweshaji huo, ili wadogo waweze kuendelea kuwauzia wakubwa.

Hatimaye ukaja utaratibu wa kuleta vipuri vichache, mara kwa mara, wakati vinapohitajika tu. Bila akiba ghalani, kipuri kibovu husimamisha kazi. Kwa hiyo mnunuzi alilazimika kumfundisha mgavi.

Februari 1997 mtandao huo ulijaribiwa: kiwanda cha Aisin, mgavi wa Toyota, kiliungua mjini Kariya. Kilikuwa kikitengeneza karibu vali zote za aina moja za breki za Toyota, na uzalishaji wa magari ukasimama. Wagavi wengine, hata wasiowahi kuunda breki, walianza kutengeneza vali hizo ndani ya siku chache.

Tukio hilo laonyesha nguvu ya mtandao, na pia hatari ya kumtegemea mgavi mmoja. Historia ya mtandao nayo yaonyesha kwamba uhaba ndio uliowakutanisha wanunuzi na wagavi, na wadogo ndio waliobeba mzigo mkubwa. Kuaminiana kulikuja baadaye, pale kila upande ulipoona kuwa kuachana kungeugharimu zaidi.