Picha isiyo na pozi

Picha isiyo na pozi ni picha ya mnato ya mtu au watu ambao hawakupangwa na mpiga picha: hawakuambiwa wasimame wapi, watazame wapi wala watabasamu lini. Mtu huonekana akiwa katika shughuli zake, kwa mfano akipalilia, akicheka na mwenzake au akipakia magunia kwenye lori. Ikipigwa nje, picha ya namna hii huwa na ugumu wake, kwa sababu mpiga picha hawezi kuamuru jua lisogee wala kumwomba mtu arudie alichokifanya. Kinachobaki mikononi mwake ni mahali anaposimama, mipangilio ya kamera, na uhariri wa baadaye.

Makala hii inaeleza mambo hayo kwa mifano ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, hasa Kidugala, kata ya Wilaya ya Wanging'ombe katika Mkoa wa Njombe, na mji wa Makambako ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia na ya reli ya TAZARA.

Historia

Kamera za mwanzo zilikuwa kubwa, ziliwekwa juu ya miguu mitatu, na mtu alilazimika kutulia kabisa ili asitoke na ukungu. Ndiyo maana wazee katika picha za kale huonekana wamekakamaa kama askari wa gwaride. Hali ilibadilika zilipoingia kamera ndogo za mkononi, hasa Leica iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925.

Picha moja maarufu ya aina hii ilipigwa na Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria, karibu mwaka 1930. Inaonyesha wavulana watatu, migongo yao ikielekea kamera, wakikimbilia mawimbi. Kwa miaka mingi imejulikana kama picha ya wavulana wa Ziwa Tanganyika. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alieleza kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwonyesha kile ambacho kamera inaweza kufanya. Miili ya wavulana imetoka myeusi tititi mbele ya povu jeupe, na hapo inapendeza, kwa kuwa nyuso hazionekani na umbo la mwili ndilo linalozungumza. Mtu anapotaka uso wa bibi yake utambulike, weusi huohuo ni kasoro.

Jua la nyanda za juu

Kidugala na Makambako zipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la mchana husimama wima kabisa utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini na chini zaidi, na vivuli hupungua ukali.

Saa nayo hudanganya kidogo. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45 mashariki, lakini Makambako ipo karibu na longitudo 35. Tofauti ya nyuzi 10 ni sawa na dakika 40, hivyo jua hufika kilele wastani wa saa 6:40 mchana, wala si saa 6 kamili. Anayesubiri mwanga laini wa jioni asikate tamaa saa 10. Mwanga mzuri zaidi huja kati ya saa 11 na machweo. Asubuhi ni nzuri hadi karibu saa 3.

Jua likiwa utosini, macho hufichwa na kivuli cha paji la uso au cha kofia, huku pua na mabega yaking'aa. Dawa ya kwanza haimo ndani ya kamera. Ni kutafuta watu walipo kwenye kivuli chenye upande mmoja wazi: barazani, chini ya mwembe, mlangoni mwa duka. Mwanga unaoingia kutoka upande ule wazi huwa laini na huangaza macho. Ukuta uliopakwa chokaa au udongo mkavu ulio mbele ya mtu hurudisha mwanga usoni kutoka chini, kama taa ya bure. Siku ya mawingu mepesi au ukungu, kama zilivyo nyingi za Njombe, kivuli hakitafutwi. Anga lote limekuwa taa moja kubwa.

Mipangilio ya kamera

Mambo matatu huamua kiasi cha mwanga. La kwanza ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa alama ya f. Namba ikikua tundu hupungua, na sehemu kubwa zaidi ya picha, mbele na nyuma, huonekana kwa usahihi. La pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi. La tatu ni ISO, kiwango cha kukuza ishara ya mwanga. Ikipanda sana, picha hujaa chembechembe. Kila mwanga unapoongezeka mara mbili au kupungua nusu, wapiga picha huhesabu hatua moja.

Katika picha isiyo na pozi kasi huamuliwa kwanza, maana tendo halirudiwi. Mtu anayetembea huhitaji kama 1/250 ya sekunde. Mtoto anayekimbia au mcheza ngoma huhitaji 1/500 hadi 1/1000. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba kwenye jua kali tundu la f/16 huendana na kasi iliyo sawa na namba ya ISO: kwa ISO 100, takriban 1/125. Mwanga huohuo hupatikana kwa f/8 na 1/500. Chini ya kivuli mwanga hupungua kama hatua tatu; hapo f/4, 1/500 na ISO 200 ni pa kuanzia. Kuandaa namba hizi kabla ya kuinua kamera ni bora kuliko kuzitafuta wakati kicheko kimekwisha.

Uso mweusi na shati jeupe

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kikidhani kwamba eneo linalopimwa, kwa wastani, hurudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Mtu akisimama mbele ya anga jeupe au ya mabati mapya, kamera huona mwanga ni mwingi, hupunguza, na uso hutoka kama mkaa. Akisimama mbele ya msitu wa misonobari, kamera huona giza, huongeza, na uso hupauka. Ngozi yake haikubadilika kati ya picha hizo mbili. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yake.

Mtihani mgumu kuliko yote hupatikana kila shule ya Tanzania: mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi na shati jeupe, saa saba mchana. Ukipimia shati, uso hupotea. Ukipimia uso, shati hugeuka doa jeupe lisilo na kola wala vifungo. Njia iliyo salama ni kupima mwanga wa uso peke yake, kisha kupunguza kidogo, kama theluthi moja au theluthi mbili za hatua, hadi nyuzi za shati zionekane. Kwenye simujanja, mtu hugusa uso kwenye kioo, hushikilia kidole ili kipimo kisibadilike, kisha husogeza alama ya jua juu au chini. Akiweza kusogea hatua chache ili mwanafunzi aingie kwenye kivuli cha darasa, tatizo huisha nusu.

Ugumu huu una historia yake pia, na si fizikia tupu. Filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa muda mrefu kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Watu weusi walipopigwa pamoja na weupe, macho na meno yao yalionekana kuliko sura. Kampuni za simu zimeanza kurekebisha jambo hilo. Google, kwa mfano, ilitangaza mfumo wa Real Tone katika simu za Pixel 6 mwaka 2021.

Kuhariri

Kuhariri huokoa vingi, ila si vyote. Faili la JPEG lina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Sehemu iliyofika kileleni imekuwa nyeupe tupu, na hakuna programu inayoweza kurudisha kisichoandikwa. Kivuli hufufuka zaidi, japo kwa chembechembe. Faili ghafi, ambalo kamera nyingi na baadhi ya simu huweza kuhifadhi, huwa na ngazi 4,096 au 16,384, na ndilo lenye nafasi ya kusahihisha.

Chukua picha ya mama anayeuza viazi mviringo kando ya barabara Makambako, ameketi chini ya turubai la bluu. Picha imepinda, uso ni wa giza na wenye ubluu, na pembeni kuna bumpa la lori. Katika programu kama Snapseed au GIMP, mhariri hunyoosha mstari wa barabara kwanza, kisha hukata ukingo wenye bumpa. Halafu husahihisha rangi. Akipasha joto picha nzima, udongo mwekundu utageuka rangi ya chungwa. Kwa hiyo hupunguza ubluu usoni na mikononi tu. Mwisho huinua vivuli kidogo na kushusha sehemu zinazong'aa. Mikunjo ya uso haiguswi.

Kukata kuna bei yake. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikikatwa nusu kila upande hubaki 2000 kwa 1500, yaani robo ya pikseli zake. Hiyo yatosha kuchapwa kwa ubora wa sentimita 17 kwa 13 hivi, si bango.

Vichujio vya urembo vya simu ni suala jingine. Vingi huparuza ngozi na kuing'arisha bila kuulizwa; ni mkorogo wa kidijitali, na hufaa kuzimwa kabla ya kupiga. Katika picha za habari, hata kufuta kitu kidogo hukatazwa: mwaka 2014 shirika la Associated Press liliachana na mpiga picha aliyefuta kamera ya video iliyoonekana pembeni mwa picha yake ya vita vya Syria.

Ruhusa na maelezo ya picha

Kutopanga pozi si sawa na kuvizia. Katika vijiji vya Wabena, anayeanza na "kamwene", akaeleza shida yake na kuketi kidogo, husahaulika upesi, na hapo ndipo watu hurudi kwenye shughuli zao. Kama tendo lilimtangulia, huonyesha picha baadaye na kuifuta akiombwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa miongoni mwa taarifa hizo. Kwa watoto, mzazi au mlezi ndiye wa kuulizwa.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Ikitumwa kama hati hufika nzima. Mahali na tarehe huandikwa siku hiyohiyo. Ile picha ya Munkácsi, iliyozunguka dunia kwa jina la Tanganyika, katika baadhi ya machapisho ya baadaye imeandikwa kuwa ilipigwa Liberia, upande wa pili wa Afrika.