Maktaba kwa Waturkana: Vitabu Viingie, Maarifa ya Wazee Yaandikwe

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kakuma hukata yapata kilomita 120 katika nchi ya mchanga, mawe na migunga. Kama alikwisha kusoma habari za Kakuma katika maandishi ya wageni, huenda aliambiwa kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali popote." Sisi tusemao Kiswahili twajua ya kuwa neno hilo hatunalo. Hata hivyo kosa hilo limenakiliwa tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa hapo mwaka 1992, na wenye kulisahihisha ni wachache, maana vitabu vingi juu ya nchi ya Waturkana vimeandikwa na watu wasio Waturkana.

Hesabu ya watu ya mwaka 1999 na zile zilizofuata zimeonyesha jinsi elimu ilivyochelewa huko. Ile ya 2009 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wa Turkana, 82 hawakuwa wamepata elimu ya darasani. Si kwa kuwa Waturkana wanadharau elimu. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya hiyo, hata mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na skuli zilikuja kwa kuchelewa. Tena wafugaji hufuata maji na malisho, na skuli haihami. Lakini liko jambo jingine ambalo kwa maoni yetu halisemwi vya kutosha. Kijana ajifunzaye kusoma, kisha akarudi kwa mifugo ya baba yake, hana cha kusoma ila karatasi iliyofungiwa majani ya chai. Kisomo kisichotumiwa hupotea.

Dawa ya jambo hilo imepata kujaribiwa. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba, na kuwaazima wasomaji wengine vitabu kwa njia ya posta. Mwaka 1996, huko Garissa, Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kupakia vitabu juu ya ngamia na kuwafuata wahamaji walikokaa. Ngamia mmoja huchukua masanduku, mwingine hema. Mikeka hutandikwa kivulini na watoto husoma. Waturkana nao ni wafugaji wa ngamia, na njia hiyo yaweza kuwafaa: nyumba ya vitabu iwe Lodwar, tawi liwe Kakuma, na masanduku yapelekwe visimani watu wanakonywesha mifugo.

Walakini maktaba ya vitabu vya kuletwa tu ni nusu ya kazi. Chukua mfano wa ekwar. Kandokando ya mto Turkwel na makorongo mengine, miti ya mgunga, iitwayo ewoi kwa Kiturkana, si mali ya kila mpita njia. Kila sehemu ya ukingo ina jamaa yake, na wakati wa kiangazi mbuzi wa jamaa hiyo ndio walao matunda yaangukayo hapo. Mgeni huomba ruhusa, na ugomvi huamuliwa na wazee. Bwana Shamba ajaye kutoka mbali na ramani yake huona msitu mtupu, akapima shamba la umwagiliaji mahali penye wenyewe. Kama mipaka hiyo na sheria zake zingeandikwa katika daftari, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, karani yeyote angeweza kuifungua kabla ya kupiga kigingi cha kwanza.

Hali kadhalika tarehe. Wazee hawahesabu miaka kwa tarakimu, bali huiita kwa majina ya mambo yaliyotukia. Njaa ya miaka ya 1979 hadi 1981 huitwa Lopiar, yaani ufagio uliofagia mifugo. Katika majina hayo imo habari ya mvua, ya maradhi ya mifugo, na ya mahali watu walipokimbilia wakasalimika. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 Lopiar ilipoanza sasa amepita 60. Afadhali daftari la kwanza liwe la majina ya miaka.

Kazi hiyo yataka vijana waliosoma na wazee wasiosoma wakae pamoja, na aliyesimulia atajwe jina lake kwenye jalada. Wakimbizi nao wasiachwe nje. Huko Kalobeyei, karibu na Kakuma, mpango wa makazi ulifanywa kwa wenyeji na wakimbizi pamoja. Maktaba mbili, kila kundi na yake, zingekuwa hasara.

Gharama? Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba katika kazi za serikali za kaunti, basi wananchi wana mlango wa kubisha. Lakini kabati la chuma wasingoje kuahidiwa, kwa sababu mchwa wa huko hawangoji, na vumbi huingia hata penye kufuli. Yatakiwa pia daftari la kuazimia, na mtu mmoja ajulikanaye ndiye mwenye ufunguo, alipwe, na asiwe mwalimu ambaye atahamishwa mwakani.