Moteri ya kusaga ikichemka, angalieni na nyundo

Pale Luberizi, ku barabara ya RN5 inayounganisha Bukavu na Uvira, mashini ya kusaga ndiyo inaamua kama watoto watakula bukari jioni ao hapana. Baba iko kule ku shimo, mama amebeba beseni ya muhogo kichwani, na moteri inakufa katikati ya kazi. Feza ya fundi itatoka wapi? Tuone basi namna ya kuepuka hasara hiyo.

Moteri nyingi za kusaga ni za mazutu, zenye pistoni moja na tangi ya maji juu. Mvuke unaotoka pale si ugonjwa: maji yanachemka na kuondoa joto. Hatari ni maji kupunguka. Alama inayoelea ikishuka, ongezeni maji safi. Lakini kama tangi ilishakauka, musimwage maji ya baridi! Chuma cha moto kinaweza kupasuka. Acheni kusaga, muzime, mungoje ipoe yenyewe. Na ile yenye radiateri, musifungue kifuniko ingali ya moto, maji yataruka usoni.

Na kama maji iko, mafuta iko, lakini moteri inachemka tu? Angalieni filta ya hewa, kwani vumbi ya unga inaiziba upesi. Kisha muende mu kinu chenyewe.

Nyundo mupya iko na kona kali. Ikiisha kulika, kona zinakuwa mviringo: haivunji tena muhogo vizuri, unga unakawia kupita ku tamisi, kinu kinajaa. Moteri inabeba muzigo kupita nguvu yake, inatoa moshi mweusi, halafu inachemka. Muhogo usiokauka unaleta shida ileile, juu unaziba matundu ya tamisi.

Mbele ya kufungua, zimeni moteri, toeni kuruwa, mungoje kila kitu kisimame. Geuzeni nyundo mutumie kona ambazo hazijalika. Mukibadilisha moja, badilisheni na ile inayoelekeana nayo, uzito uwe sawa. Bila hivyo kinu kitatetemeka na kula beringi. Mbele ya kumwaga muhogo, toeni mawe na misumari. Kuruwa isilegee, juu itateleza na kuungua. Na bamama, kitenge kifungwe vizuri, watoto wakae mbali: kuruwa haina huruma.

Ndugu wachimbaji, haya yanawahusu na ninyi, kwani moteri ya pompi na ya kusagia mawe zinachoka namna moja. Lakini kuna jambo moja kubwa zaidi. Pompi ya kuvuta haiwezi kutoa maji chini zaidi ya metre 7 hivi, ndiyo maana wengine wanaiteremsha shimoni pamoja na moteri yake. Musifanye hivyo hata siku moja. Moshi wake uko na gazi ya monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaua mutu mbele hajajua kama anakufa. Shimo likiwa refu, tafuteni pompi ya umeme inayozama ndani ya maji, na jenereta ibaki inje, mbali na mulango wa shimo.

Moteri ikikufa, fundi ataitengeneza. Mutu akikufa, hakuna fundi.