Fahamu: Sindano ya kupeleka dawa chini ya retina

Ni nini?
Ni sindano yenye ncha ya upana wa karibu milimita 0.1. Daktari bingwa huitumia kuweka dawa chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Hutumikaje?
Daktari hutoboa matundu madogo kwenye weupe wa jicho, huondoa ute uliojaa ndani, kisha huisogeza ncha hadi iguse retina na kusukuma dawa polepole. Retina huinuka kama lengelenge, na dawa huzifikia seli zinazougua. Msukumo ukizidi, au mkono ukitikisika, retina inaweza kuchanika. Kwa hiyo hadubini na mashine ya kudhibiti msukumo ni muhimu sawa na sindano yenyewe.

Hutibu nini?
Mfano mkuu ni Luxturna, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa upofu wa kurithi unaotokana na kasoro ya jeni ya RPE65. Kila jicho hupewa mililita 0.3. Bei iliyotangazwa, dola 850,000 kwa macho mawili, inasikitisha: mkulima wa kawaida wa majani chai au miraa wa Meru au Embu hawezi kuimudu.

Meru na Embu je?
Sindano hii isichanganywe na zile ambazo wagonjwa wa kisukari huchomwa machoni: hizo huingia kwenye ute, si chini ya retina. Anayehitaji upasuaji wa retina kwa kawaida huelekezwa Nairobi au hospitali ya PCEA Kikuyu, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini Meru. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri.