Sauti Chini ya Majani Makavu

Ukishuka matatu pale Gede, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, magofu ya mji wa kale yako upande wa bahari, na upande wa bara unaanza Msitu wa Arabuko-Sokoke. Vijia vya miguu vinavyoanzia kituo cha msitu cha Gede ni vya mchanga na tambarare. Bibi na mjukuu wake wataviweza bila kuhema. Wepesi huo ndio unaowakosesha wageni wengi. Wanakwenda kwa mwendo wa kuwahi soko, macho juu wakisaka ndovu, kisha wanatoka wakilalamika kwamba msitu ni mtupu.

Mimi nashauri uende polepole na utazame chini.

Kwanza tazama mchanga wenyewe. Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndiyo masalio makubwa zaidi ya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Machoni mwa mgeni ni pori moja, lakini ni misitu mitatu iliyopakana. Mashariki, kwenye mchanga wa kijivu, mvua hufikia takriban milimita 1,000 kwa mwaka na miti ni ya kila namna, mbambakofi akiwemo. Katikati mchanga ni mweupe, maskini wa rutuba, na hapo anatawala mrihi. Mizizi ya mrihi huishi kwa ushirika na kuvu: kuvu hutafuta madini mchangani na kumletea mti, nao mti huwalipa kwa sukari. Ndiyo maana mti mkubwa husimama mahali ambapo mkulima angevuna kidogo sana. Magharibi zaidi udongo ni mwekundu, mvua hupungua hadi kama milimita 600, na miti ya sinometra husongamana kuwa kichaka kizito. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimtambua miaka ya 1960. Ni mdogo kiasi cha kutosha kiganjani.

Sasa tazama majani makavu yaliyotanda juu ya mchanga huo, maana hapo ndipo penye uhai wa msitu huu. Miti ikipukutisha majani, hayaozi mara moja. Hutandaa kama mkeka, na chini ya mkeka huo kuna mchwa, jongoo, tandu, buibui na mbawakavu. Mlaji wao mashuhuri ni sengi mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa nusu kilo na ushei, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama ya paa, na matako ya manjano yanayong'aa kana kwamba amekalia rangi. Dunia nzima hana makao mengine ila misitu na vichaka vya pwani hii ya Kenya. Sura yake ni ya panya, lakini nasaba yake iko karibu zaidi na ndovu na pimbi.

Wengi huniuliza kwa nini kiumbe anayewindwa avae rangi ya kujitangaza. Jibu liko ndani ya ngozi. Chini ya ile manjano ngozi ni nene kuliko mahali pengine mwilini, na inaelekea rangi humvuta adui aume pale pale, penye ngao, badala ya shingoni. Dume na jike hushika eneo lao pamoja lakini kila mmoja hulala peke yake, ndani ya kiota kinachofanana na rundo la majani yaliyopeperushwa na upepo. Unaweza kupita hatua mbili kutoka kitandani mwake usijue, na ukiiacha njia unaweza kukikanyaga.

Kwenye mrihi, ambako majani chini ni haba, sengi nao ni wachache. Kwa hiyo anayeokota kuni kupita kiasi, au kufyeka chini ya miti akidhani anasafisha, anaondoa chakula, maficho na malazi kwa pamoja. Hili linaniuma, kwa sababu uharibifu wa namna hii hauonekani kwenye picha: miti inabaki imesimama. Muhugu ulipokatwa kwa ajili ya vinyago, visiki vilibaki na kila mtu aliviona. Majani yakiondoka hakibaki kisiki.

Nenda alfajiri, kabla jua halijakaza, na uchukue mwongozaji wa hapo msituni. Ndovu wapo kweli, na yeye anajua walikolala. Zaidi ya hayo, ana masikio. Atakufundisha kutofautisha kwaru-kwaru ya sengi akichakura na mshindo wa mkia wake anapoupiga chini, akimjulisha adui kwamba ameshaonekana. Atakuonyesha pia kurumbiza mwenye utosi mwekundu, ndege anayemfuata sengi nyuma nyuma ili adake wadudu wanaofurushwa.

Ukimwona ndege huyo akirukaruka chini, simama hapo hapo. Ukisikia majani yakichakurwa kisha kimya, usiinue mguu. Subiri. Pua ndiyo hutangulia kutokeza.